Njumu: Ununue Mtandaoni au Dukani? Pima Mguu Kwanza

Leo naweka kando habari za Linux na hifadhidata, nataka tuzungumze juu ya viatu. Ndiyo, viatu! Tena si vya ofisini. Nazungumzia njumu, vile viatu vya kandanda vyenye meno chini. Subirini kwanza, msifunge ukurasa. Mtaona kwamba hili ni jambo la teknolojia kuliko mengi yanayopewa jina hilo.

Pesa za maembe zikianza kuingia huku Kinakomba, vijana hunijia na simu mkononi. "Kaka, wewe ndiye mtu wa kompyuta. Hizi hapa ni 2,200. Hola nimeambiwa 3,000. Nibonyeze?" Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, wanadhani nitasema bonyeza tu, dunia imeshakuwa kijiji. Mimi huwajibu kwa swali: zikikubana, utazirudishaje? Hapo wengi hunyamaza.

Basi msimamo wangu ni huu, nauweka wazi mapema ili asiyekubali ajue pa kuanzia ugomvi. Kiatu kinachotakiwa kukaa mguuni sawasawa kinunuliwe mahali ambapo unaweza kukirudisha. Kwa mtu wa Nairobi mahali hapo panaweza kuwa mtandaoni. Kwa mtu wa Kinakomba, leo, pako dukani Hola, Garsen au Malindi. Sisemi hivi kwa kuupinga mtandao. Nasema hivi kwa sababu nimejifunza unavyofanya kazi.

Tuanze na namba zenyewe

Ukiagiza flashi ya GB 32 isiyo bandia, utaletewa GB 32. Waya wa kuchajia simu unaingia au hauingii, na picha inatosha kukuonyesha. Kiatu sivyo. Kiatu kina namba, na namba za viatu ni vurugu tupu.

Namba ya Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita. Namba ya Uingereza hupanda kwa theluthi moja ya inchi, kipimo cha tangu zamani kilichotokana na urefu wa punje ya shayiri. Marekani wanatumia theluthi hiyohiyo ya inchi, ila wanaanza kuhesabu mahali pengine. Tena namba za Ulaya na Uingereza kwa asili hazipimi mguu wako hata kidogo. Zinapima kalibu ambayo kiatu kimeshonewa juu yake. Japani wamefanya la maana: wanaandika sentimita za mguu.

Chukua mguu wa sentimita 26. Jedwali la Nike la viatu vya wanaume linaweza kukupa namba moja. Jedwali la adidas linaweza kukupa nyingine. Mguu mmoja, makampuni mawili, majibu mawili. Wenzangu waandishi wa programu watakumbuka enzi zile unafungua barua pepe unakuta alama za maswali kila mahali, kwa kuwa kompyuta mbili hazikukubaliana namba ipi ni herufi ipi. Viatu viko kwenye enzi hizo mpaka leo.

Hapo bado hatujagusa upana. Miguu iliyokua peku au ndani ya patapata huwa mipana mbele, vidole vimetawanyika vizuri kama Mungu alivyoviumba. Njumu nyingi zinashonwa nyembamba. Kijana wa huku anaweza kuipata namba yake kamili kwa urefu, na kidole kidogo kikalia dakika 90.

Halafu kuna meno. Tovuti zinaandika herufi mbili mbili ambazo wauzaji wengi hawajishughulishi kuzieleza. FG ni kwa nyasi kwenye ardhi ngumu. SG ni kwa uwanja laini uliolowa, mara nyingi meno yake ni marefu na ya chuma. AG ni kwa nyasi bandia. TF ina vimeno vingi vifupi vya raba. Viwanja vyetu vya kando ya mto Tana ni udongo wa mafuriko: mvua ikinyesha ni matope, jua likiwaka siku chache unapasuka na kuwa mgumu kama sakafu. Mtu akiagiza SG kwa sababu rangi imempendeza, siku ya mechi ya kiangazi atacheza kama amesimama juu ya misumari. Uwanja mgumu usio na nyasi unataka TF, au FG yenye meno mafupi. Muuza duka wa Hola huenda hazijui herufi hizo, lakini uwanja anaujua.

Hata wenzetu wa theluji huenda dukani

Kuna mtu atasema: haya ni matatizo ya nchi maskini, Ulaya wananunua kila kitu mtandaoni. Si kweli, na mfano ninao wa karibu. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998, hapa jirani kabisa, akakulia Austria, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi kule PyeongChang, Korea Kusini, katika mbio za kushuka milima ya theluji. Mchezo huo unachezwa kwa mabuti ya plastiki ngumu yasiyopinda kirahisi. Buti likibana, mguu hufa ganzi. Likilegea, mguu unacheza ndani na mchezaji anashindwa kuliongoza gongo alilosimamia.

Mabuti hayo yanauzwa kwa kipimo kinachoitwa Mondopoint, ambacho kina kanuni yake ya kimataifa, ISO 9407. Kinatumia vipimo vya mguu wenyewe, si vya kalibu. Yaani wao vurugu ya namba wameshaimaliza! Na bado, katika nchi zenye posta inayofika kila mlango, ushauri unaotolewa kwa anayeanza ni uleule: nenda dukani, kuna fundi ambaye kazi yake ni kuupima mguu na kulirekebisha buti. Ikiwa wao wenye kipimo kizuri na posta nzuri wanakwenda dukani, sisi tusio na kimojawapo tunakimbilia wapi?

Kinachouza kiatu ni njia ya kurudi

Sasa tuseme ukweli upande wa pili. Viatu vinauzwa mtandaoni, tena kwa mamilioni. Kampuni ya Zappos ilianzishwa Marekani mwaka 1999, watu wakacheka: nani atanunua kiatu asichokijaribu? Mwaka 2009 Amazon ikainunua kampuni hiyo kwa zaidi ya dola bilioni 1. Siri yake haikuwa tovuti nzuri. Siri ilikuwa kwamba mteja angeweza kuagiza jozi kadhaa, kuzijaribu sebuleni, kisha kurudisha asizozitaka bila kulipa nauli ya mzigo. Yaani Zappos waliligeuza sebule lako kuwa duka. Bila lori la kurudi, tovuti ile ingekuwa albamu ya picha.

Huku kwetu lori la kwenda tunalo. M-Pesa ilianza mwaka 2007, Jumia ikaja Kenya mwaka 2013, Kilimall mwaka 2014. Kulipa si tatizo tena, mtu analipa akiwa juu ya mwembe. Tatizo ni lori la kurudi.

Tazameni hesabu ya watu. Sensa ya 2019 ilikuta watu 315,943 katika kaunti nzima ya Tana River, yenye zaidi ya kilomita za mraba 35,000. Hao ni watu kama 8 au 9 kwa kila kilomita ya mraba. Nairobi ni zaidi ya 6,000. Kijana wa bodaboda wa Nairobi anaweza kupeleka vifurushi vingi kabla ya chakula cha mchana. Huku kwetu kupeleka vifurushi viwili kunaweza kumaliza siku na petroli. Kutoka Mombasa hadi Hola ni zaidi ya kilomita 300. Hakuna programu, hata niiandike mimi kwa ustadi wangu wote, itakayozipunguza kilomita hizo.

Na barabara yenyewe mnaijua. Mafuriko ya Novemba 2023 yalikata barabara, na yale ya Aprili 2024 yakarudia, watu wakavuka kati ya Madogo na Garissa kwa mashua. Siku kama hizo mzigo ulioko njiani unabaki njiani. Kilicho rafuni dukani ndicho kilichopo. Hili si la njumu peke yake. Fikiria mabuti ya raba ya mkulima anayeingia shambani kwenye maji na nyoka. Huwezi kumwambia nyoka asubiri, kifurushi kimekwama Malindi.

Tupige hesabu kidogo

Msiniamini kwa maneno. Tuchukue bei alizonitajia yule kijana, nyingine tuzikadirie. Wachezaji watatu wanataka njumu. Mtandaoni ni 2,200 na kusafirisha 350, jumla 2,550 kila mmoja. Dukani ni 3,000. Na tuseme kati ya watatu, mmoja zinambana.

Dukani: 3,000 mara tatu ni 9,000. Anayebanwa anabadilisha palepale, amekaa juu ya kreti la soda. Gharama ya kubadilisha ni sifuri.

Mtandaoni, muuzaji akikubali kurudishiwa: 2,550 mara tatu ni 7,650. Anayebanwa anatuma mzigo kwa 350, nauli yake kwenda Hola na kurudi 400, mzigo mpya 350. Jumla yote 8,750. Mtandao umeshinda kwa shilingi 250. Naam, umeshinda! Sitaki kuwaficha.

Mtandaoni, muuzaji akikataa: anayebanwa ananunua jozi nyingine kwa 2,550. Jumla inakuwa 10,200. Duka limeshinda kwa shilingi 1,200, na kuna jozi moja nyumbani ya kumtafutia mdogo wake.

Mmeona? Tofauti ya bei mliyoonyeshwa kwenye kioo cha simu haijaamua chochote. Kilichoamua ni kama kiatu kinaweza kurudi. Tena sijatia siku za kusubiri. Fainali ya kijiji haiahirishwi kwa sababu winga wa kulia anangoja kifurushi.

Makosa ya duka nayajua

Najua mtakalosema: bei ya juu, namba mbili tatu tu, na njumu bandia za adidas zenye mistari minne. Kweli kabisa. Kuna muuza duka atakayekusukumia namba 43 na wewe ni 41, akakwambia "zitaachia" au "vaa soksi mbili". Huyo mkimbie. Ila bandia ziko mtandaoni pia, na kule huwezi kuzinusa gundi wala kuzikunja soli. Na dukani una haki ileile: Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji. Tofauti ni kwamba muuza duka unamjua kwa jina, na Ijumaa msikitini au Jumapili kanisani mtakutana. Hakuna nyota tano za tovuti zinazolipita hilo.

Pia kuna wakati nitakwambia agiza mtandaoni, tena haraka. Ni hivi:

1. Umeshavaa aina hiyohiyo na namba hiyohiyo, unataka jozi nyingine.
2. Mguu wako ni wa namba ambayo maduka hayaweki: 46 kwenda juu, au namba ndogo za wasichana, ambao mara nyingi huambiwa wavae zilizobaki za wavulana.
3. Muuzaji ameandika waziwazi kwamba anapokea marejesho, kwa siku ngapi, na nani analipa nauli ya kurudisha.
4. Unalipa baada ya kupokea na kujaribu. Anayesema tuma pesa kwanza kwa namba yake binafsi, mwambie kwaheri.

Yote manne yakikosekana, funga simu, panda gari uende Hola.

Njia ya tatu

Lakini kuchagua kati ya mtandao na duka ni kama kuchagua kati ya mashua na kasia. Kulikuwa na kampuni ya Kenya iitwayo Copia, iliyoanzishwa mwaka 2013, iliyolielewa jambo hili. Mtu wa kijijini aliagiza kupitia wakala, mara nyingi mwenye duka anayemjua, na mzigo ukafika kwenye duka hilo. Mei 2024 kampuni hiyo iliwekwa chini ya wasimamizi baada ya kutumia zaidi ya dola milioni 100 za wawekezaji. Wengi wakasema, mnaona, vijijini hakuna biashara. Mimi nasoma tofauti. Wazo la kumweka muuza duka katikati ni zuri. Mzigo mzito ni kumiliki magari na maghala ya kubebea unga na sabuni kwa faida ya shilingi chache.

Muuza duka wa Hola tayari analeta mali kutoka Kongowea au Malindi. Gari analo au analijua. Anachokosa ni habari. Hajui ni vijana wangapi wanataka 41 na wangapi wanataka 44, kwa hiyo analeta za kubahatisha, zinazobaki zinamfungia mtaji, na hasara hiyo anaifidia kwenye bei ya zile zinazouzika. Hiyo 800 mnayoilalamikia, sehemu yake ni bei ya kutojua!

Kwa hiyo timu nzima ipimwe miguu, orodha iandikwe, apewe wiki tatu kabla ya mashindano. Orodha ya miguu 18 yenye malipo ya awali kidogo ni bora kuliko tovuti yoyote. Muuza duka anajua hatabaki na mali, nanyi mna nguvu ya kusema: shusha bei, sisi ni 18. Zikija, mnajaribu palepale. Isiyotosha inabaki kwake, na mwakani kuna mguu mwingine.

Na sasa naongea na wenzangu wa kompyuta. Tafadhalini, msitutengenezee duka jingine la mtandaoni lenye picha nzito zinazomaliza bando la kijana kabla hajaona bei. Tengenezeni kitu kidogo kwa ajili ya muuza duka, kinachofanya kazi kwa ujumbe mfupi au WhatsApp: nini kipo, namba ngapi, zimebaki jozi ngapi. Na kwenye hifadhidata yenu, tafadhali, msiandike "saizi 41" peke yake. Wekeni urefu wa mguu kwa milimita, upana kwa milimita, na aina ya soli. Sehemu tatu tu za kujaza. Mtapunguza machozi mengi.

Jinsi ya kupima

Haya, chukueni karatasi, penseli na rula. Pimeni jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana kutwa. Weka karatasi sakafuni ikiwa imegusa ukuta, simama kisigino kikiwa ukutani, uzito wote juu ya mguu huo, na soksi utakazochezea. Mwenzako achore alama mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe kidole gumba, halafu alama mbili mahali mguu ulipo mpana kabisa. Pima kwa milimita. Fanya na mguu wa pili, maana mara nyingi hailingani. Shika ule mkubwa.

Andika namba hizo mbili kwenye simu yako, karibu na namba ya kitambulisho. Ukienda dukani, muonyeshe muuzaji. Ukiagiza mtandaoni, muulize muuzaji: kiatu hiki ni cha mguu wa milimita ngapi? Anayejibu kwa milimita, endelea kuongea naye. Anayejibu "saizi zote zipo, karibu mpenzi", achana naye.

Vijana wa Kinakomba wakizidi kubonyeza kwa ajili ya shilingi 250, muuza duka wa Hola ataacha kuleta njumu. Hana sababu ya kuweka mali isiyonunuliwa. Siku mto ukifurika na barabara ikakatika, tutakuwa na simu zilizojaa picha za viatu, na miguu peku. Mimi ningependa rafu ile ibaki na viatu, na njia ya kuijaza tuitengeneze sisi wenyewe tulio na kompyuta.